Mavi ya Chuma

Mpaka leo simu yangu ikilia siku ya Jumamosi, moyo unaanza kwenda mbio kabla sijatazama nani ameandika. Watoto wangu wananicheka. Wanasema, kwa Kiingereza, maana Kiswahili wanakielewa ila hawakijibu, kwamba mama anaogopa simu kuliko barafu ya barabarani. Nawaacha wacheke. Hawajui nilisoma nini Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, nikiwa jikoni kwangu Saint Louis Park, huku Minnesota, Marekani, mikono imejaa unga wa chapati, na baada ya kusoma nikatabasamu.

Wakati ule nilikuwa namtunza mzee mmoja Eden Prairie, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka jioni. Namwita Mzee kwa sababu ndivyo nilivyomwita, na jina hilo alilipenda hata akamkataza binti yake kunisahihisha. Alikuwa mwalimu mstaafu, amefundisha habari za miamba maisha yake yote. Katika ujana wake yeye na mkewe walikaa Uingereza miaka michache, wakitembea mashambani na misituni kutafuta mahali ambapo Warumi wa kale waliyeyusha chuma.

"Usidhani kuna nguzo au majumba," aliniambia. "Kuna kijito chenye maji ya rangi ya kutu. Kuna shimo lililojaa majani. Na mkulima akipitisha jembe, yanatoka mawe meusi, mazito, ambayo si mawe."

Alinieleza mara nyingi, kwa sababu alikuwa anasahau kwamba ameshanieleza. Warumi walijenga tanuru la udongo, wakapanga makaa na udongo wenye chuma ndani yake, wakavukuta siku nzima. Uchafu ukayeyuka, ukatobolewa njia, ukatiririka nje na kuganda. Chuma wakaondoka nacho. Uchafu wakauacha palepale, mwingi kiasi kwamba mahali pengine waliutandaza ukawa barabara. Mzee na mkewe walirudi Minnesota na sanduku zima la uchafu huo. Mke alikuwa ameshafariki miaka mingi. Vipande vilikuwa vimepangwa dirishani sebuleni, kila kimoja na kibandiko chake.

Tatizo ni kwamba havikukaa dirishani. Mzee alivitembeza. Nilivikuta kwenye viatu vyake vya ndani, chini ya mto, na mara nyingi bafuni, ambako aliviosha kwa mswaki. Siku moja nilikalia kimoja kwenye kochi. Niliwatukana Warumi moyoni tu, kwa kuwa Mzee alikuwepo.

Vitu vile nilivitambua siku ya kwanza. Kwetu, milima ya Upare, navyo vimejaa shambani, kwa sababu wazee wetu pia waliyeyusha chuma. Bibi yangu aliweka kipande kimoja juu ya mfuniko wa chungu cha makande ili mvuke usiufungue. Tukiwa watoto tulivirushia ndege. Na jina lake kila mtu analijua, limo hata kwenye kamusi: mavi ya chuma.

Mzee aliponiuliza kwetu tunaviitaje, nilishindwa kutamka. Yeye ni rika la baba yangu. Nitasimamaje mbele yake, na kikombe cha chai mkononi, niseme neno lile? Nikamwambia, "Takataka za chuma." Akafurahi. Akachukua karatasi ndogo, akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika, akaibandika kwenye kipande kikubwa kuliko vyote, kile chenye mikunjo kama unga uliokandwa. Kila nilipopiga deki niliuona uongo wangu wa heshima umekaa dirishani pamoja na majina ya Kilatini. Nikajiambia adabu haijawahi kumdhuru mtu.

Jumamosi na Jumapili alikuja mwenzangu, mama wa Kikongo kutoka Kivu, aliyekaa kambini miaka mingi na watoto wake kabla ya kuletwa hapa. Sijaona mtu hodari kama yule. Alimgeuza Mzee kitandani bila hata kumkunjisha uso. Ila Kiingereza cha kuandika kilimsumbua, na kazi yetu kila kitu lazima kiandikwe kwenye ripoti, ndani ya simu, ambayo muuguzi wa kampuni na binti wa Mzee wanaisoma. Basi tukapatana. Yeye akimaliza zamu ananiandikia ujumbe kwa Kiswahili, mimi natafsiri na kuuingiza kwenye ripoti. Haikuruhusiwa, na tulijua. Yeye alifuta kila ujumbe mara tu alipoutuma. Mimi sikufuta.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Nami nilikuwa na ugonjwa wetu Watanzania, wa kudhani lugha hii ni mali yetu na wengine wameazima. Akisema *bintu*, namwambia, "Vitu, mama, vitu." Akisema *fasi*, namwambia, "Mahali." Akichanganya na Kifaransa ndiyo nacheka kabisa. Naye alicheka, kidogo. Baadaye akaacha kupiga, akawa anaandika tu, maneno machache machache. Nilidhani ni shughuli za watoto.

Mwezi wa kwanza damu ya Mzee ilipungua, akaanzishiwa vidonge vya chuma. Muuguzi wa kampuni alitukalisha sote wawili akatueleza kwamba choo chake kitakuwa cheusi, tusiogope. Nikamfasiria mwenzangu: "Atapata choo cheusi, ni kwa sababu ya chuma." Akageuka kutazama mlango wa bafuni, amechanganyikiwa, kwa kuwa kwao choo ni chumba tu.

"Unasema mavi?" akauliza.

"Jamani!" nikamwambia. "Mtu mzima huyo. Hatusemi hivyo."

Akainamisha macho. Muuguzi akauliza kama tumeelewana, nikajibu kwamba tumeelewana kabisa.

Vidonge vilimchafua tumbo. Jumanne moja ya mwezi wa tatu daktari akavisimamisha. Niliandika kwenye ripoti, kwa Kiingereza kizuri, mstari mmoja. Mwenzangu sikumwambia. Kisanduku cha dawa hujazwa na binti wa Mzee, nikaona mwenzangu hayamhusu.

Jumamosi ile ujumbe ukaja. Bado ninao.

"Dada, leo Muzee mavi ya chuma mingi. Mu chambre na mu douche. Nimesafisha yote. Andika mu rapport."

Nikatabasamu. Mzee na mawe yake! Amekwenda kuyaosha tena. Hata nilifurahi kwamba mwenzangu ameokota jina sahihi, Kiswahili fasaha cha kwenye kamusi. Haikunipitia akilini kabisa kwamba mtu anaweza kumwandika mzee kwa neno lile kwa maana yake ya kawaida, hasa baada ya mimi kumkemea. Nikafuta unga vidoleni nikaandika kwenye ripoti: Amecheza na mawe yake chumbani na bafuni. Yamesafishwa.

Jumapili, natoka kanisani, ukaja wa pili.

"Mavi ya chuma tena, mingi kupita jana. Muzee anachoka sana."

Nikasema moyoni, asichokeje na kubeba vyuma katika umri ule? Nikaandika: Amechoka. Apumzishwe.

Jumatatu theluji ilikuwa inayeyuka, barabara yote imejaa maji na chumvi. Niliingia nikimwita kama kawaida. Alikuwa kwenye kiti chake, na nilipouona uso wake nikasahau kuvua viatu. Midomo ilikuwa haina rangi kabisa.

"Chumba kinazunguka," akasema.

Nikampeleka bafuni, nimemkumbatia kiunoni, na alikuwa mzito kuliko siku zote. Pale ndipo nilipoona. Choo chake kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake ukishaijua hutaisahau. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Vidonge vya chuma havitoi harufu ile, na vidonge hakuvimeza tangu Jumanne. Ile ilikuwa damu.

Nilimlaza, nikakimbilia sebuleni kwenye simu. Nikiwa nimeiweka sikioni, nasubiri mtu apokee, macho yangu yakaangukia dirishani. Vipande vyote vilikuwa mahali pake, kimoja kimoja, na juu yake kulikuwa na vumbi. Vumbi la siku kadhaa. Hakuna aliyevigusa Jumamosi. Hakuna aliyevigusa Jumapili.

Sauti ya kwenye simu ikauliza dharura yangu ni nini, nikasema Mzee anatokwa na damu.

Vijana wa gari la wagonjwa walikuja upesi. Mmoja akamfunga Mzee mkanda wa kupima presha, mwingine akaniuliza, "Je, hii ni mara ya kwanza?"

"Ndiyo," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Woga ndio uliojibu. Akaandika.

Niliendesha nyuma yao. Niliogopa Mzee atakufa. Hilo nataka nilitangulize, kwa kuwa ni kweli, lakini si peke yake nililoliogopa. Niliogopa cheti changu cha kazi kufutwa. Niliogopa sura ya binti yake. Niliogopa ripoti ile, mistari miwili niliyoiandika mwenyewe, na jina langu chini yake. Hospitalini nikakaa kwenye korido, nikafungua zile jumbe mbili na kuweka kidole juu yake. Nikibonyeza, zimekwisha. Kwenye simu ya mwenzangu hazipo. Zikipotea, atakayeulizwa kwa nini hakuripoti ni yeye, na Kiingereza chake hakitamtosha kujitetea. Nililiona hilo wazi, na kidole bado sikukiondoa. Nilianza hata kutayarisha utetezi. Kamusi, nitasema. Fungueni kamusi.

Binti wa Mzee akafika kutoka Anoka, koti limefungwa vifungo upandeupande. Alinikumbatia. Akanishukuru kwa kuwahi. Nilikuwa mgumu mikononi mwake kama ubao.

Daktari akatoka, mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi, anazungumza haraka. Alisema Mzee amepoteza damu nyingi mno, haiwezi kuwa ya asubuhi moja. "Tumeambiwa imeanza leo. Ikiwa imeanza leo, basi mahesabu hayaingiliani, kuna mahali pengine panapovuja, kwa kasi, na lazima tupatafute sasa hivi kabla ya kugusa tumbo." Akamtazama binti, akanitazama mimi. "Mna uhakika ni leo?"

Binti akasema, "Ndiyo, yeye ndiye aliyekuwepo," akanigusa bega.

Nikasema, "Jumamosi."

"Samahani?"

"Imeanza Jumamosi. Jumapili ikazidi. Chuma hatumii tangu Jumanne."

Daktari hakuuliza kwa nini. Aligeuka akakimbia, viatu vyake vikalia sakafuni mpaka mwisho wa korido. Nikabaki na binti.

Mkono wake ulikuwa umeshaondoka begani kwangu. Akatoa simu, akafungua ripoti, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti: "Amecheza na mawe yake." Akauliza, "Haya ni nini?"

Nikamwonyesha jumbe. Nikamweleza. Ilibidi nilitafsiri lile neno kwa Kiingereza, neno kwa neno, mbele ya watu waliokaa na vikombe vyao vya kahawa. Nikamwambia maana yake ni kinyesi cha chuma. Nikamwambia kwetu ni uchafu ule wa tanuru, yale mawe ya baba yako. Na kwamba mwenzangu alimaanisha kinyesi chenyewe, cheusi, cha vidonge, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia cheusi ni kwa sababu ya chuma. "Aliripoti," nikasema. "Siku zote mbili. Niliyekosea ni mimi."

"Siku mbili," akasema. Alihama akakaa kiti cha mbali, na afadhali angenipigia kelele.

Kilikuwa kidonda tumboni, cha dawa za maumivu alizokuwa akimeza kwa ajili ya magoti bila kutuambia. Wakakifikia, wakakiziba, wakamwongezea damu. Jioni wakatuambia ataishi. Nilikwenda kwenye gari, nikalia.

Kampuni ilinisimamisha. Kwa wiki sita nilifungua sanduku la barua kwa mkono wa kushoto, sijui kwa nini wa kushoto, nikitafuta bahasha ya kunifutia cheti. Ilipokuja ilisema cheti kinabaki, kwa onyo, na kwamba nyumba ile sitarudi. Nafasi yangu ya siku za kazi alipewa mwenzangu. Binti wa Mzee ndiye aliyemwombea, na sasa mwenzangu anarekodi ripoti kwa sauti yake, mtu wa ofisini anaitafsiri.

Mwezi wa sita binti akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya baridi lakini ya adabu. Alisema baba yake ananiulizia kila siku, na kama nina nafasi.

Mzee alikuwa amekonda. Alikaa karibu na dirisha lake, nje nyasi zimeota, na kile kipande kikubwa kilikuwa mapajani kwake. Alikigeuza, akaonyesha kibandiko.

"Binti yangu anasema hili silo jina," akasema.

"Silo, Mzee."

"Jina ni lipi?"

Nikalisema. Miaka hamsini na mitatu ninayo na nililisema kama mtoto anayeungama. Akaniuliza maana yake, nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikainuka nusu kwa woga, nikitazama midomo yake ina rangi gani. Ilikuwa na rangi. Akabandua karatasi ya zamani kwa ukucha, akanipa kalamu.

"Andika wewe."

Nikaandika. Herufi zilipinda.

"Kwa hiyo ni neno hili lililotaka kuniua," akasema, bado anatabasamu.

"Hapana, Mzee. Neno lilikuwa sawa. Ni mimi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono amekunja. Alitazama saa, nikaelewa, nikaaga.

Mwenzangu alinisindikiza hadi kwenye gari. Hatukuwa tumeonana tangu siku ile. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, nikayasema yote kwa mkupuo: kwamba nilipaswa kumuuliza, kwamba simu moja tu ingetosha, kwamba sielewi kwa nini sikumpigia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ata mie nilitaka kukupigia," akasema. "Ile Samedi, ile siku ya kwanza. Niliona ile mavi, ikanitia woga. Nikashika telephone. Nikabonyeza jina yako, nikakata."

"Kwa nini ulikata?"

Akatazama kando, kwenye nyasi. "Nikasema, dada atacheka tena Swahili yangu. Njo maana nikaandika."

Akanifungulia mlango wa gari, akanitakia safari njema, akarudi ndani kwa Mzee. Niliona pazia likisogezwa, wote wawili wananipungia mkono. Ufunguo ulikuwa mkononi, lakini ilichukua muda mrefu kabla sijaweza kuwasha gari.